"Wanauza namba zetu": sentensi moja na kesi ya kashfa iliyojificha ndani yake

Mdogo wangu alikopa shilingi elfu themanini kwenye apu ya mikopo. Siku ya tatu baada ya tarehe ya kulipa kupita, ujumbe ulianza kuingia kwenye simu za watu: mama mkwe wake, fundi aliyewahi kumtengenezea friji, mwenyekiti wa kikoba, na mimi. Ulisema fulani ni mdaiwa sugu, tumwambie alipe. Hakuna hata mmoja wetu aliyemdhamini. Tulikuwa tu kwenye orodha ya majina ya simu yake.

Usiku ule aliandika andiko la kurusha mtandaoni, na kabla ya kulirusha akanitumia nilisome. Hasira yote ilikuwa imekaa kwenye sentensi moja: "Hii kampuni ni wezi, wanaiba namba za watu na kuwauzia matapeli." Chini yake akauliza, "Kaka, nikirusha hii wanaweza kunishitaki?"

Wanaweza. Na kinachouma ni kwamba wanaweza kushinda hata kama walichomfanyia ni kibaya kweli. Ile sentensi ina madai matatu: kwamba ni wezi, kwamba wanauza, na kwamba wanunuzi ni matapeli. Alichokuwa na ushahidi nacho ni jambo la nne, ambalo hakuliandika kabisa.

Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi sheria ya kashfa kutoka Uingereza, na mifupa yake ni ile ile. Mlalamikaji anaonyesha kwamba maneno yamemfikia mtu wa tatu, kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yanamshusha hadhi mbele ya watu wa kawaida wenye akili timamu. Akishaonyesha hayo, mzigo unahamia kwako. Hatakiwi yeye kuthibitisha kwamba umesema uongo. Unatakiwa wewe kuthibitisha kwamba umesema kweli. Wengi hawalijui hili. Wanadhani mahakamani wataiambia kampuni, "Haya, onyesheni kwamba hamuuzi." Kampuni haitaonyesha kitu. Itakaa na kukusubiri wewe.

Kampuni nayo ina jina la kulinda. Mwaka 1993, katika kesi ya baraza la Derbyshire, mahakama ya juu ya Uingereza ilisema chombo cha serikali hakiwezi kumshitaki raia kwa kashfa, kwa sababu raia lazima awe huru kuikosoa serikali. Kampuni hazikuguswa na uamuzi huo. Mwaka 2006, katika kesi ya Jameel dhidi ya gazeti la Wall Street Journal toleo la Ulaya, mahakama hiyo ilikataa kuondoa kanuni kwamba kampuni inaweza kudai bila kuonyesha hasara ya fedha iliyoipata. Waingereza wenyewe waliirekebisha kanuni hiyo kwa sheria ya 2013: sasa kampuni ya biashara haina kesi mpaka ionyeshe kwamba maneno yameisababishia, au huenda yakaisababishia, hasara kubwa ya fedha. Sheria ya Kashfa ya Kenya, Sura ya 36, haina kizingiti kama hicho. Kwa maoni yangu hili ni pengo baya. Kampuni yenye apu kwenye simu za watu laki kadhaa ina nguvu juu ya maisha ya raia kuliko halmashauri nyingi, lakini halmashauri ndiyo tunayoruhusiwa kuisema kwa uhuru zaidi.

Kwenye mambo ya faragha ugomvi una sura yake ya pekee. Mara nyingi pande zote mbili zinakubaliana programu inafanya nini. Kinachogombaniwa ni jina la kukiita kitendo hicho.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kampuni ya Marekani iliyoitwa Gator. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu yake iliingia kwenye kompyuta za watu ikiwa imefungashwa pamoja na programu nyingine za bure, ikiwemo Kazaa, ambayo watu waliitumia kupakua nyimbo. Ikishaingia ilitazama mtumiaji anatembelea tovuti gani, kisha ikamrushia matangazo. Watu wakaiita programu ya kijasusi. Gator ikajibu kwamba yake ni programu ya matangazo, kwa kuwa mtumiaji mwenyewe ameikubali wakati wa kuisakinisha, na jasusi haombi ruhusa. Mwaka 2003 ikaishitaki PC Pitstop, tovuti iliyokuwa ikiwasaidia watu kukagua kompyuta zao, kwa kutumia neno hilo. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama na kurasa zile zikaondolewa. Mwaka huo huo Gator ikabadili jina ikawa Claria.

Hakuna hakimu aliyeamua kama neno "kijasusi" lilikuwa kweli au uongo. Kampuni haikuhitaji uamuzi; ilihitaji kurasa zishuke, zikashuka.

Miaka ishirini baadaye mahakama moja ya rufaa ya Marekani ilisema jambo ambalo kila anayeandika kuhusu apu anapaswa kulijua. Kampuni ya Malwarebytes, inayotengeneza programu za kulinda kompyuta, ilikuwa imeziweka bidhaa za mshindani wake Enigma kwenye kundi la programu hatarishi. Enigma ikashitaki. Dai lake lilikuwa la matangazo ya uongo, halikuwa kashfa kamili, lakini swali lililo katikati ni lile lile: haya ni maoni au ni madai ya ukweli? Mwaka 2023 mahakama ikasema kwamba kuiita programu "huenda hutaihitaji" ni maoni, hayashitakiwi. Lakini kuiita "yenye nia mbaya" au "tishio," tena ukiwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta, ni madai yanayoweza kupimwa kuwa kweli au uongo, kwa hiyo kesi iendelee. Ina maana maneno yale yale yana uzito tofauti kulingana na nani anayasema. Fundi wa simu wa Kariakoo akiiita apu "hatari" kijiweni, watu wanasikia maoni. Mtaalamu wa usalama wa mitandao akiandika hivyo kwenye ripoti, wanasikia matokeo ya uchunguzi.

Sasa turudi kwenye "kuwauzia". Hili ndilo neno linalowaponza wengi, kwa sababu linaonekana la kawaida kabisa. Kwenye akili ya mtu wa mtaani, kuuza ni kupokea hela na kutoa kitu. Kampuni nyingi hazifanyi hivyo kwa taarifa za watumiaji. Zinazitoa kwa washirika wa matangazo na kupata huduma au takwimu kwa kubadilishana. Je, huko ni kuuza? Inategemea umesimama wapi. Sheria ya faragha ya jimbo la California ya 2018 inahesabu kuwa ni kuuza hata pale malipo yasipokuwa pesa taslimu, na mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo hilo kudai kwamba iliuza taarifa za wateja kwa njia hiyo bila kuwaambia. Ukitumia neno hilo hilo dhidi ya kampuni ya huku kwetu, unalazimika kusimama kwenye maana ambayo hakimu wako hana wajibu wa kuikubali.

Hata sakata kubwa kuliko yote ya faragha, lile la Cambridge Analytica la Machi 2018, lilikuwa na ugomvi wa neno ndani yake. Facebook ilitishia kulichukulia hatua za kisheria gazeti la Observer kabla habari haijatoka, na ilipotoka ikasisitiza kwamba kuliita tukio hilo "uvujaji wa data" ni uongo mtupu. Na kiufundi ilikuwa na hoja: hakuna aliyevunja mfumo. Watu wapatao 270,000 walisakinisha apu ya maswali, apu ikaruhusiwa na kanuni za Facebook za wakati huo kuchukua na taarifa za marafiki zao, na taarifa za watu hadi milioni 87 zikaishia mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya siasa ambayo mabosi wake walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 ya Uingereza wakijisifu kwa kazi waliyofanya kwenye uchaguzi wa Kenya. Mwandishi aliyeandika kwamba Facebook "iliuza" taarifa hizo alikosea. Aliyeandika kwamba Facebook iliacha mlango wazi, ikajua mwaka 2015 kwamba taarifa zimetoka, na haikuwaambia wenyewe, aliandika kweli. Ukizisoma sentensi hizo mbili, ya pili ndiyo nzito zaidi. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza Facebook dola bilioni 5.

Hapo ndipo ninapotaka wanaharakati wenzangu wakae kidogo. Tunadhani kuwa makini ni kulegeza maneno, kuwapunguzia kampuni makali. Siyo. Kwenye faragha, ukweli ulioelezwa hatua kwa hatua huwa unatisha kuliko tusi.

Shida ni kwamba ukweli wenyewe umejificha. Ukila chakula kibovu hotelini, ushahidi uko tumboni mwako. Taarifa zako zikishaondoka kwenye simu, zimeingia kwenye seva usiyoijua, na yanayofanyika huko wanajua wao. Kwa hiyo jiulize jicho lako limefika wapi. Unaweza kuona apu imeomba ruhusa gani, na unaweza kuipiga picha orodha hiyo. Unaweza kusoma sera yao ya faragha na kuhifadhi nakala yenye tarehe, maana zina tabia ya kubadilika kimya kimya. Ukiwa na ujuzi kidogo unaweza kunasa mawasiliano ya apu na kuona inatuma nini na kwa anwani gani. Kuna zana za bure kama ile ya shirika la Kifaransa la Exodus Privacy, inayochambua apu za Android na kuonyesha vifuatiliaji vilivyomo, yaani vipande vya programu vya kufuatilia mtumiaji anafanya nini. Lakini kukuta kifuatiliaji ndani ya apu hakuthibitishi kwamba kinafanya kazi, wala kwamba kimetuma jina lako. Ukiandika "apu hii ina msimbo wa kampuni fulani ya matangazo," umesema ulichokiona. Ukiandika "apu hii inawapa watangazaji taarifa zako," umeruka mto, na huko ng'ambo hujui utakanyaga nini.

Shirika la Unwanted Witness la Uganda liliuvuka mto huo vizuri. Liliichunguza apu ya bodaboda ya SafeBoda na kutangaza kwamba taarifa za abiria zinakwenda kwa kampuni nyingine bila wao kujua. Halikuishia kwenye makelele. Suala likafika kwenye mamlaka ya teknolojia ya habari ya nchi hiyo, NITA-U, ambayo mwaka 2021 ilieleza kwamba SafeBoda ilikuwa imeipa kampuni ya CleverTap ya Marekani majina, barua pepe na namba za simu za watumiaji bila kuwaarifu. Tangu hapo yeyote anaweza kuiandika habari hiyo akitaja uamuzi wa mamlaka, na mguu wake uko juu ya mwamba.

Huo ndio utetezi ninaouamini kuliko mwingine wowote kwa raia asiye na wakili. Sheria inakupa kinga unaporipoti kwa haki na kwa usahihi kilichosemwa mahakamani, na kwa masharti kiasi kile kilichotangazwa na mamlaka za umma. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyokuwa na apu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Andika hivyo hivyo na uko salama. Lakini usiongeze hata kijiko. "Imetozwa faini" siyo "imepatikana na hatia ya wizi." "Imelalamikiwa" siyo "imekutwa na kosa." Ofisi ikisema apu mbili, usiandike apu zao zote.

Utetezi wa pili ni maoni ya haki. Una haki ya kusema kitendo fulani ni cha aibu, ni cha kikatili, hakina utu. Hakimu hapimi kama maoni yako ni mazuri. Anatazama kama yanaonekana wazi kuwa ni maoni, kama yamesimama juu ya mambo ya kweli ambayo msomaji ameyaona, na kama unayaamini kwa dhati. Kwa hiyo mambo ya kweli yatangulie, hukumu ifuate. Neno "nadhani" halikuokoi likibandikwa mbele ya dai la ukweli: "nadhani wanawauzia matapeli" bado ni dai kwamba kuna biashara inafanyika. Na "nimesikia" ni dhaifu zaidi. Anayerudia kashfa ya mwenzake anahesabiwa kama ameisema yeye. Ukiifowadi kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili, umeichapisha kwa watu mia mbili.

Tuseme basi umeandika kweli tupu. Bado unaweza kuburuzwa. Helen Steel na Dave Morris, wanaharakati wawili wa London waliokuwa karibu hawana kipato, walishitakiwa na McDonald's kwa kipeperushi cha kuikosoa. Kesi ilisikilizwa siku 313, ndefu kuliko kesi yoyote katika historia ya Uingereza, nao wakijitetea wenyewe dhidi ya mawakili wa kulipwa. Mwaka 1997 hakimu aliwapa ushindi kwenye baadhi ya mambo na kuipa McDonald's ushindi kwenye mengine. Fidia ya pauni 60,000 ikapunguzwa na rufaa hadi 40,000. Miaka minane baadaye, Februari 2005, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Uingereza iliwanyima haki kwa kuwaacha bila msaada wa kisheria mbele ya mpinzani mwenye fedha kiasi hicho. Walishinda, ndiyo. Lakini hesabu umri wao ulioishia humo.

Kesi za namna hii, za kuziba midomo, zimeanza kupata dawa. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika mgogoro wa kampuni zinazochimba mchanga wenye madini na wanamazingira waliokuwa wakizikosoa, ilikubali kwamba mshitakiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kesi yenyewe ni matumizi mabaya ya mahakama. Siku hiyo hiyo ikasema pia kwamba kampuni ya biashara haistahili fidia ya jumla, yaani ile isiyohitaji kuonyesha hasara ya fedha, pale maneno yanapokuwa sehemu ya mjadala wa umma wenye maslahi halali. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake dhidi ya kesi hizo mwaka 2024. Sisi Afrika Mashariki tunapaswa kudai hivyo hivyo, na tudai sasa, kabla apu hazijawa benki, hospitali na shule zetu zote.

Upande wa jinai nao haujafa. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017. Lakini Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Tazama neno "akijua". Picha za skrini, tarehe, barua uliyowaandikia kampuni kuomba maelezo: vyote hivyo vinaonyesha kwamba ulikuwa unautafuta ukweli. Na kwa ndugu zetu walioko Dubai na Abu Dhabi, tahadhari maradufu: huko kumvunjia mtu heshima mtandaoni ni jinai, na malalamiko juu ya biashara yamewahi kuwafikisha watu polisi. Usiichukue desturi ya Nairobi ukaenda nayo kule.

Barua ya wakili ikifika, usiijibu usiku huo na usifute kitu kabla ya kuhifadhi nakala ya kila ulichoandika. Isome uone ni sentensi ipi hasa wanayoilalamikia. Kama kweli umekosea, rekebisha haraka na waziwazi. Hilo linapunguza sana fidia. Kama hujakosea, mtafute wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla hujakubali kufuta, maana barua nyingi huishia kuwa barua. Kenya mlalamikaji ana miezi 12 tu ya kufungua kesi ya kashfa.

Mdogo wangu hakupenda kuliacha neno "wezi". Tulibishana karibu saa nzima. Alisema, na alikuwa na hoja, kwamba neno lingine lolote linawastahi watu wasiostahili kustahiwa. Nikamuuliza swali moja: ulipoisakinisha ile apu, uligusa "Ruhusu"? Akanyamaza. Aligusa, kama sote tunavyogusa. Wakisema alikubali, "wizi" umeanguka. Lakini mama mkwe wake aliruhusu lini? Fundi wa friji aliruhusu lini? Hapo ndipo lilipokuwa lile jambo la nne.

Kesho yake akapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria iliyoanza kutumika Mei 2023. Malalamiko yanayopelekwa kwa nia njema kwenye chombo chenye jukumu la kuyapokea yana kinga ambayo andiko la mtandaoni halina. Siku kadhaa baadaye akaiandika upya sentensi yake, ikawa aya, na chini yake akabandika picha za ujumbe baada ya kufuta namba za watu:

"Tarehe 4 niliiruhusu apu hii isome majina kwenye simu yangu. Tarehe 7 mwezi uliofuata, watu 11 waliomo kwenye simu hiyo, ambao hawajawahi kukopa wala kunidhamini, walipokea ujumbe unaotaja jina langu na deni langu. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, mwenye miaka 71. Niliwaandikia kampuni kuuliza kwa ruhusa ya nani wametumia namba zao; mpaka leo, siku ya tisa, hawajajibu. Kwa maoni yangu huu ni udhalilishaji. Kama umepokea ujumbe wa namna hii, usiufute. Upige picha, andika tarehe."